Kupiga hesabu ya pumzi ya bahari: modeli ya hewa ukaa kati ya maji na anga, hatua kwa hatua

Mlinganyo wenyewe unaenea kwenye kiganja cha mkono:

F = k × K0 × (pCO2 ya maji − pCO2 ya hewa)

F ni mtiririko, yaani kiasi cha hewa ukaa (CO2) kinachopita kwenye kila mita ya mraba ya uso wa bahari kwa siku. k ni kasi ya uhamisho, na ndiyo inayobeba kazi ya upepo wa kuukoroga uso wa maji. K0 ni umumunyifu: maji yenye joto fulani na chumvi fulani yanaweza kubeba gesi kiasi gani. Ndani ya mabano kuna tofauti ya shinikizo sehemu (pCO2), yaani lile fungu la shinikizo linaloletwa na hewa ukaa peke yake, upande wa maji na upande wa hewa. Maji yakizidi, bahari inatoa gesi. Hewa ikizidi, bahari inameza.

Nimeona watu wakibishana wiki nzima kuhusu k, kisha mabano wakayamaliza kwa dakika tano. Mimi nafanya kinyume, na mwongozo huu umeegemea huko. Ukikosea k, jibu litakuwa kubwa mno au dogo mno. Ukikosea mabano, bahari inayotoa gesi utaiandika kuwa inameza.

Mfano wetu ni bahari ya wazi mashariki ya Unguja. Nimeichagua kwa sababu mwaka wake umegawanywa na pepo mbili, kusi na kaskazi, na modeli ya namna hii huishi kwa upepo. Thamani za pCO2 ya maji nitakazotumia ni za mazoezi, si vipimo vya siku fulani. Ukipata vipimo vya kweli, vitie mahali pake.

Hatua ya 1: Kubaliana na nafsi yako kuhusu alama na vizio

Hapa F ikiwa chanya maana yake gesi inatoka baharini kwenda angani. Kuna wanaotumia kinyume chake, na hakuna aliyekosea ila yule asiyeandika anatumia ipi. Kuhusu vizio: k hutolewa kwa sentimita kwa saa, nasi tunaitaka kwa mita kwa siku, kwa hiyo izidishe kwa 0.24. K0 tutaiweka kwa moli kwa mita ya ujazo kwa atm, yaani shinikizo la kawaida la angahewa. Shinikizo sehemu litakuwa kwa mikroatm, yaani sehemu ya milioni ya atm. F itatoka kwa milimoli kwa mita ya mraba kwa siku.

Hatua ya 2: Kusanya data

Unahitaji vitu vitano, na vyote vinapatikana bure kwenye intaneti.

Upepo chukua wa ERA5, unaotolewa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF. Ni wa kila saa, na umeshawekwa kwenye kimo cha mita 10 juu ya maji. Joto la uso wa bahari chukua la OISST ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, la kila siku. Chumvi haibadiliki sana nje ya midomo ya mito, hivyo wastani wa World Ocean Atlas unatosha. Kwenye mfano huu nitaweka 35. Ila ukisogea karibu na delta ya Rufiji wakati wa masika, usithubutu kuweka 35.

Hewa ukaa ya angani ndiyo rahisi kuliko zote. Charles David Keeling alipoanza kuipima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa karibu sehemu 315 kwa milioni. Leo imepita 420. Angahewa huchanganyika upesi, lakini usichukue namba ya Hawaii ukaipeleka moja kwa moja Bahari ya Hindi. NOAA huchukua sampuli za hewa pia Mahé, Shelisheli, ambako ni jirani zetu.

Kitu cha tano, pCO2 ya maji, ndicho kinachotesa. Mkusanyiko mkubwa wa vipimo vya meli unaitwa SOCAT, na ukifungua ramani yake utaona Atlantiki ya Kaskazini imejaa njia za meli kama mkeka uliosukwa, huku magharibi ya Bahari ya Hindi kukiwa na nyuzi chache tu. Kama huna kipimo cha moja kwa moja, lakini kuna aliyepima kaboni yote iliyoyeyuka pamoja na ualikalini wa maji (uwezo wake wa kupoza asidi), programu ya PyCO2SYS itakukokotolea pCO2 kutoka kwa hivyo viwili. Usitumie pH ya kipimo cha bei rahisi kama mojawapo ya viwili hivyo. Kosa dogo kwenye pH huwa kubwa mno kwenye pCO2.

Hatua ya 3: Safisha mabano

Hapa tukae.

Kwanza upande wa hewa. Namba inayotangazwa, tuseme 422, ni ya hewa kavu: maabara huondoa mvuke kabla ya kupima. Hewa iliyogusana na bahari haijakauka. Imeshiba mvuke, na mvuke huo unachukua nafasi yake ndani ya shinikizo lote. Kwa maji ya nyuzijoto 27, shinikizo la mvuke ni karibu 0.0345 atm. Kwa hiyo:

pCO2 ya hewa = 422 × (1 − 0.0345) = 407.4 mikroatm

Tofauti ya 14.6 tu, utasema. Sasa tia maji yenye pCO2 ya 415. Ukikumbuka mvuke, maji yamezidi hewa kwa 7.6: bahari inatoa. Ukisahau, maji yamepungukiwa na 7: bahari inameza. Bahari ileile, siku ileile. Kosa hili nimewahi kulifanya mwenyewe, na sikuligundua mpaka nilipoona ramani yangu imegeuka rangi kuanzia Mtwara hadi Lamu. Katika bahari za baridi mvuke ni mdogo na huenda ukanusurika. Kwetu tropiki hunusuriki. Kama una shinikizo halisi la hewa la siku hiyo, liweke badala ya 1.

Pili, SOCAT haitoi pCO2 bali fCO2, yaani fugasiti, ambayo ni shinikizo sehemu lililorekebishwa kwa kuwa gesi halisi haifuati sheria za gesi kamilifu sawasawa. fCO2 huwa chini ya pCO2 kwa takriban asilimia 0.3, sawa na kama mikroatm 1.3. Ni kidogo, lakini usitoe fCO2 ya maji kwenye pCO2 ya hewa. Geuza pande zote ziwe kitu kimoja.

Tatu, joto. Maji yakipata joto bila kupoteza wala kuongeza kaboni, pCO2 yake hupanda kwa asilimia 4.23 kwa kila nyuzijoto moja. Kanuni hii ni ya Taro Takahashi na wenzake, ya mwaka 1993, na inastahili kukaririwa. Kwa maji ya 415, nyuzi moja ni zaidi ya mikroatm 17. Kipimajoto kilichopotoka kwa nusu nyuzi kinatosha kula tofauti yote tuliyoipata hapo juu. Meli huvuta maji kwa bomba kutoka mita kadhaa chini, yakapata joto njiani kabla ya kufika kwenye mashine. Kwa hiyo kipimo lazima kirudishwe kwenye joto la baharini:

pCO2 ya baharini = pCO2 ya mashine × e^(0.0423 × (joto la baharini − joto la mashine))

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini misimu yetu ina uzito. Maji ya pwani hushuka hadi kama nyuzi 25 au 26 kusi ikikolea mwezi wa Agosti, na hupanda karibu nyuzi 29 au 30 kaskazi inapokwisha, Machi hivi. Maji ya 400 yakipashwa nyuzi nne yanafika karibu 474. Yasingekuwa mengine yanayotokea baharini, kama viumbe kula kaboni na maji ya kina kupanda, joto peke yake lingetosha kuigeuza bahari kutoka mmezaji kuwa mtoaji.

Hatua ya 4: Umumunyifu

Soda ya baridi hushika gesi yake, ya vuguvugu inatoka povu ukiifungua. K0 ni hilo hilo kwa tarakimu. Tumia mlinganyo wa Ray Weiss wa 1974. Vizidishio vyake vipo kwenye msimbo hapo chini. Ili kujua kama umeandika sawa, jaribu nyuzi 25 na chumvi 35: upate 29.06. Kwa nyuzi 27 ni 27.64. Ukipata kitu cha mbali, angalia kama ulisahau kugeuza Selsiasi kuwa Kelvini, au kama ulitumia vizidishio vya kilo badala ya lita. Weiss alichapisha seti zote mbili.

Hatua ya 5: Kasi ya uhamisho

Mwaka 1974 Peter Liss na Peter Slater walieleza mpaka wa bahari na hewa kama ngozi mbili nyembamba zinazogusana, moja ya maji, nyingine ya hewa, ambazo gesi hupenya polepole. Kwa hewa ukaa, kizuizi karibu chote kiko kwenye ngozi ya maji. Upepo unaikwangua ngozi hiyo, na kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo gesi inavyopita upesi.

Upesi kiasi gani? Hakuna anayeweza kupima ngozi hiyo moja kwa moja katika bahari nzima, kwa hiyo wanasayansi waliegemea jambo la ajabu kidogo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza angani kaboni-14, na kwa kupima ni kiasi gani kimeingia baharini, ikajulikana bahari nzima hupokea gesi kwa kasi gani kwa wastani. Rik Wanninkhof aliitumia njia hiyo mwaka 1992, akairekebisha mwaka 2014, na kizidishio kikashuka kutoka 0.31 hadi 0.251:

k = 0.251 × U² × (Sc/660)^−0.5

U ni upepo kwenye mita 10. Sc ni namba ya Schmidt, yaani mnato wa maji ukigawanywa kwa kasi ya gesi kusambaa ndani yake. 660 ni ya maji ya bahari ya nyuzi 20. Kwetu, kwenye nyuzi 27, Sc ni kama 475, hivyo kizidishio cha mwisho ni 1.18.

Kuna mitego miwili kwenye upepo. Mtego wa kwanza ni kipeo cha pili. Wastani wa upepo ukiupandisha kipeo cha pili haulingani na wastani wa vipeo. Nusu ya siku upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde na nusu nyingine 10, wastani ni 7, na 7 kwa kipeo cha pili ni 49. Lakini wastani wa 16 na 100 ni 58. Umeshapoteza karibu moja ya sita ya mtiririko kwa uvivu tu. Piga kipeo kwanza kwa kila saa, kisha tafuta wastani. Wakati wa tanga mbili, upepo unapobadilika kutwa mara kadhaa, ndipo kosa hili linapouma zaidi.

Mtego wa pili ni kimo. Upepo wa kituo cha ufukweni au wa boya uliopimwa mita 2 juu ya maji ni dhaifu kuliko wa mita 10. Kanuni nyepesi ya baharini ni kuuzidisha kwa (10/z)^0.11, na kwa mita 2 hiyo ni 1.19. Inaonekana ndogo, ila ikipandishwa kipeo cha pili, k imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40.

Hatua ya 6: Andika msimbo na uujaribu

Unaweza kufanya haya yote kwenye Excel. Kwa data ya mwaka mzima ya kila saa, Python itakupunguzia jasho:

```
import math

def umumunyifu(joto, chumvi):
    T = (joto + 273.15) / 100
    a = -58.0931 + 90.5069/T + 22.2940*math.log(T)
    b = 0.027766 - 0.025888*T + 0.0050578*T**2
    return 1000 * math.exp(a + chumvi*b)

def schmidt(t):
    return (2116.8 - 136.25*t + 4.7353*t**2
            - 0.092307*t**3 + 0.0007555*t**4)

def mtiririko(joto, chumvi, u2, maji, hewa):
    k = 0.24 * 0.251 * u2 * (schmidt(joto)/660)**-0.5
    return k * umumunyifu(joto, chumvi) * (maji - hewa) / 1000

print(mtiririko(27, 35, 64, 425, 407.4))
```

u2 ni wastani wa vipeo vya pili vya upepo. 64 ni kusi ya mita 8 kwa sekunde isiyolegea. Jibu liwe karibu 2.21. Ukilihesabu kwa mwaka mzima na kugeuza moli kuwa gramu, unapata takriban gramu 9.7 za kaboni kwa kila mita ya mraba. Sasa badilisha 407.4 kwa 422, kama yule aliyesahau mvuke: 0.38. Karibu mara sita chini. Badala ya hapo rudisha 407.4, ubadilishe 0.251 kuwa 0.31 ya zamani: 2.73. Linganisha mwenyewe uone ni lipi la kukukosesha usingizi.

Hatua ya 7: Iache bahari ibadilike

Mpaka hapa tuna hesabu ya siku moja. Iwe modeli, maji lazima yakumbuke yalichopoteza jana. Fikiria sanduku la maji la mita moja ya mraba, lenye kina cha tabaka la juu linalochanganywa na upepo, tuseme mita 40. Kila siku gesi inatoka, kaboni ndani ya sanduku inapungua, na pCO2 inashuka.

Ila haishuki kwa ulinganifu wa moja kwa moja. Sehemu kubwa mno ya kaboni iliyomo baharini si gesi, ni baikaboneti na kaboneti, na gesi ikitoka hizo hugeuka kuziba pengo. Kipimo cha jambo hili ni kigezo cha Revelle, ambacho kwenye maji ya tropiki ni karibu 9: kaboni yote ikipungua kwa asilimia 1, pCO2 hushuka kwa asilimia 9.

```
maji, hewa, kina, kaboni, revelle = 425, 407.4, 40, 2050, 9
for siku in range(365):
    f = mtiririko(joto[siku], 35, u2[siku], maji, hewa)
    maji *= 1 - revelle * f / (kina * kaboni)
    maji *= math.exp(0.0423 * (joto[siku+1] - joto[siku]))
```

kaboni hapa ni kwa milimoli kwa mita ya ujazo. Orodha ya joto iwe na siku 366, la sivyo mstari wa mwisho utagoma. hewa pia nimeiacha bila kubadilika ili msimbo usomeke. Wewe irekebishe mvuke wake kila siku kufuatana na joto.

Weka kwanza joto na upepo visivyobadilika uone. pCO2 inashuka kwa moja ya kumi tu ya mikroatm kwa siku, na kasi hiyo inazidi kupungua. Muda wa sanduku kulingana na hewa ni kama siku 170. Oksijeni, isiyo na akiba ya baikaboneti nyuma yake, ingemaliza kazi hiyo kwa siku tisa hivi. Siku 170 ni karibu urefu wa msimu mmoja. Kabla bahari haijamalizana na kusi, kaskazi imeshaingia na joto jipya. Ndiyo maana hewa ukaa ya maji yetu haitulii, na ndiyo maana kupiga hesabu kwa wastani wa mwaka mmoja hakufai hapa.

Sanduku hili lina uongo wake. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unasukuma maji kwenda kaskazini mwaka mzima, na hata kwa nusu mita kwa sekunde maji husafiri zaidi ya kilomita 40 kwa siku. Maji uliyoanza nayo Januari hayapo tena Unguja mwezi wa Februari. Kwa hiyo tumia sanduku kujifunza kinachoamua nini, wala usilitumie kutabiri pCO2 ya mahali fulani tarehe fulani. Kwa kazi hiyo utahitaji modeli yenye mikondo, pamoja na viumbe.

Hatua ya 8: Tikisa namba zako

Rudia hesabu ya hatua ya 6 mara 1,000, kila mara ukibahatisha kidogo thamani zako: k kwa asilimia 20, pCO2 ya maji kwa mikroatm 5 kama hukuipima kwa mashine nzuri, hewa kwa 1. Usiangalie tu F ya wastani. Hesabu ni mara ngapi imetoka hasi.

Kosa la k halitaigeuza alama hata mara moja, kwa sababu k daima ni chanya. Kosa la mabano litaigeuza. Tofauti ya kweli ikiwa mikroatm 5 na kosa lako ni 5, karibu mara 160 kati ya 1,000 modeli itakuambia bahari inameza ilhali inatoa. Kwenye ramani, visanduku vya namna hiyo vipake kijivu, na chini yake uandike ni upepo wa chanzo gani na wa saa ngapi ulioutumia, mvuke umeutoa au hujautoa, na F chanya inaelekea upande gani.